Mtoto wa Mapajani: Abiria Ambaye Ndege Haijawahi Kumtengea Kiti

Kila mtu aliyewahi kupanda matatu anajua sheria ambayo haijaandikwa popote: mtoto mdogo halipi, na juu halipi, hana kiti. Konda anaona gari linajaa, anasema tu, "Mathe, huyo mbebe." Unambeba. Viatu vyake vinapangusiwa kwa suruali ya jirani, biskuti inamwagika, na maisha yanasonga mpaka Rongai.

Sasa, ndege inayonunuliwa kwa mamilioni ya dola inatumia sheria ya huyo huyo konda. Karibu kila mahali duniani, mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 anaruhusiwa kuvuka bahari nzima akiwa mapajani mwa mzazi. Tofauti na matatu ni kwamba ndege inamtoza. Kwa safari za kimataifa, kawaida ni kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, na hiyo asilimia 10 hainunui kiti. Inanunua ruhusa ya kubebwa.

Nimeanza kuchimba hii historia juu kwetu kuna mjadala. Binamu yangu anasafiri Desemba kwenda New York na mtoto ambaye atakuwa na miezi 7. Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi ni kama saa 15. Swali liko kwa grupu ya familia ya WhatsApp: anunuliwe kiti chake ama abebwe? Wajomba wamesema kiti cha mtoto ni kuchoma pesa. Shosho alituma voisi noti moja fupi akiuliza kwani mgongo na leso vimeenda wapi. Nikaona wacha nitafute hii sheria ilitoka wapi, na kuna mtu aliwahi kuibishia.

Kuna mtu. Lakini turudi nyuma kwanza, wakati hata mtu mzima alikuwa anateseka huko juu.

Mwaka wa 1931, Imperial Airways ya Uingereza ilianza safari za kutoka London kuja upande wetu, na mwaka uliofuata ikafika mpaka Cape Town. Usidhani ni kupanda jioni na kushuka asubuhi. Ndege iliruka mchana, ikatua kila baada ya saa chache kuongezwa mafuta, na usiku abiria walilala hotelini. Ilikuwa safari ya siku kadhaa. Kuanzia 1937 zikaja ndege kubwa za kutua majini, na Kisumu ikawa moja ya vituo vyake: zinatua Ziwa Victoria, halafu zinaendelea Mombasa na kushuka pwani hadi Durban. Watu wa Kisumu, mlikuwa na ndege za kimataifa kabla sisi wengine hatujajua lolote. Jisifuni.

Ndani hakukuwa na raha mnayoona kwenye mabango ya zamani. Kulikuwa na kelele na baridi, na juu hewa ya ndani haikushindiliwa kama siku hizi, ndege ililazimika kupita chini, palepale penye mawingu na mitikisiko. Watu walitapika sana. Waliopanda walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, masetla wenye pesa, na magunia ya barua. Mama mwenye mtoto mchanga, hata huyo mzungu mwenye shamba, kwa kawaida alichukua meli Mombasa. Meli ina kitanda na ina maji ya kufua nepi. Kwa hivyo ndege ilichorwa wakati mtoto hayuko kwenye picha kabisa, na hapo ndipo shida yote imeanzia.

Kule Marekani, mwaka wa 1930, nesi mmoja anaitwa Ellen Church aliishawishi kampuni ya Boeing Air Transport kwamba abiria wenye uoga wataamini ndege zaidi wakiona manesi ndani. Safari yake ya kwanza ilikuwa Mei 15 mwaka huo. Hao ndio wahudumu wa kwanza wa kike wa ndege, na mwanzoni wote walikuwa manesi. Masharti yao? Wawe wadogo kwa umri na kwa uzito, na wasiwe wameolewa. Kampuni nyingi za Marekani ziliendelea kufukuza mhudumu akiolewa ama akipata mimba mpaka kesi za mahakamani za miaka ya 1960 na 1970. Hebu ona hiyo: mtu anayekusaidia na mtoto wako hewani hakuruhusiwa kuwa na wake.

Kilicholeta watoto ndani ya ndege ni vitu viwili. Cha kwanza ni kushindilia hewa. Boeing 307 ilianza kubeba abiria hivyo mwaka wa 1940, na baada ya vita ikawa kawaida. Ndege sasa ingeweza kupaa juu ya mawingu, na masikio ya mtoto yakapumua kidogo. Mwaka wa 1952 ikaja Comet, ndege ya kwanza ya jeti ya abiria, na safari yake ya kwanza kabisa Mei 2 ilitoka London kwenda Johannesburg ikipitia Entebbe. Chini ya saa 24! Safari iliyokuwa ya siku nyingi ikawa ya usiku mmoja.

Aside kidogo, juu hii iliniua: ndani ya 787, hewa huwa imewekwa kama mtu yuko futi 6,000 juu ya usawa wa bahari. Hiyo ni karibu mita 1,800, yaani Nairobi. Mtoto aliyezaliwa Nairobi akipanda Dreamliner, mapafu yake hayajatoka mtaani. Ni mtoto wa Mombasa ndiye anapandishwa mlima.

Kitu cha pili ni bei. Mwaka huo huo wa 1952, mashirika yalianza kuuza tiketi za bei nafuu kuvuka Atlantiki, na familia zikaanza kuingia. Sasa mashirika yakajikuta na watoto wanaolia saa kumi na kitu mfululizo. Wakafanyaje? Tafuta picha za ndege za BOAC za miaka ya 1950 utaona jibu lao: kikapu cha mtoto kinachoning'inia kwenye rafu ya mizigo, juu ya vichwa vya watu. Waliita skycot. Mtoto amelala huko juu kama mkoba, mama chini anatabasamu kwa kamera.

Mimi naona ile picha inasema kila kitu. Shirika lilijiuliza huyu mtoto alalie wapi ili wengine wapumzike. Halikujiuliza afungwe wapi ndege ikianguka. Na hata kile kitanda kidogo cha siku hizi, kile kinachotundikwa ukutani mbele ya viti vya kwanza, ni mtoto wa hiyo skycot. Binamu yangu alifikiri akikipata shida imeisha. Soma masharti: kwenye kupaa, mtoto atolewe. Kwenye kutua, atolewe. Taa ya mkanda ikiwaka juu ya msukosuko wa hewa, kwa mashirika mengi, atolewe. Yaani ni kitanda kinachofanya kazi tu wakati hakuna kitu kibaya kinachotokea.

Hapa kwetu, siku watoto walipojaa ndege haikuwa likizo. Ilikuwa Februari 1968. Wahindi wengi wa Kenya walikuwa na pasipoti za Uingereza, na sheria mpya za hapa za 1967 kuhusu uhamiaji na leseni za biashara zilikuwa zimewabana. Halafu ikasikika kwamba Uingereza inataka kufunga mlango. Familia nzima zikakimbilia uwanja wa Embakasi, ambao ulikuwa na miaka 10 tu tangu ufunguliwe, kupata kiti chochote cha kwenda London kabla sheria haijapita. Bunge la Uingereza liliipitisha kwa siku chache tu, na ikaanza kufanya kazi Machi 1. Waliochelewa walikuta pasipoti haina maana tena, na kuna waliozungushwa kutoka uwanja mmoja hadi mwingine bila nchi ya kuwapokea. Miaka 4 baadaye jirani zetu Uganda wakaona yao, Amin alipowapa Wahindi siku 90 za kuondoka. Ukiwa na siku chache za kutoroka na watoto watatu, haukai kuuliza nani atakaa wapi. Unabeba. Na nadhani hiyo ndiyo sababu sheria ya mapaja imedumu: walioihitaji zaidi hawakuwa na nafasi ya kubishana nayo.

Miaka 7 baada ya Embakasi, upande mwingine wa dunia, mambo yalienda vibaya hadharani.

Aprili 1975, Saigon inakaribia kuanguka. Marekani inaamua kutoa maelfu ya watoto Vietnam, wengi wakiwa wa nyumba za mayatima, wawe watoto wa kulea huko ng'ambo. Wakaiita Operation Babylift. (Baadaye ilikuja kujulikana kwamba si wote walikuwa yatima, na watu walienda kortini. Hiyo ni makala yake yenyewe.) Ndege ya kwanza rasmi, tarehe 4, ilikuwa C-5 Galaxy, dubwana la jeshi la kubeba vifaru. Ina sakafu mbili. Sakafu ya juu ina viti vya askari. Huko waliweka watoto wachanga, wawili wawili kwa kiti, wamefungwa. Viti vikaisha. Waliobaki, watoto na watu wazima, wakawekwa chini kwenye sakafu ya mizigo, wamekaa kwa mablanketi wakishikilia kamba.

Dakika chache baada ya kupaa, mlango wa mizigo wa nyuma uling'oka ukakata mifumo ya kuongoza mkia. Marubani walijaribu kurudi, wakaanguka kwenye mashamba ya mpunga. Watu 314 walikuwa ndani. Walikufa 138, na 78 kati yao walikuwa watoto. Wale wa sakafu ya juu, kwa viti, wengi wao waliishi. Wa chini, wengi sana walikufa.

Najua huwezi kusema ni mkanda peke yake, juu sakafu ya chini ndiyo iliyogonga ardhi kwanza. Lakini ile picha ya watu kukaa chini wakishikilia kamba ilinikaa kichwani. Na kesho yake, ndege za Pan Am zikaendelea kubeba wengine, watoto wamelazwa ndani ya maboksi ya kadibodi. Picha zipo. Boksi la kadibodi ndani ya Boeing 747, ndege ya kifahari kuliko zote za wakati huo, juu ndani yote hakukuwa na sehemu moja iliyotengenezwa kwa saizi ya mtoto.

Sasa tufike kwa mtu aliyebisha.

Julai 19, 1989, ndege ya United namba 232, DC-10, inatoka Denver kwenda Chicago na watu 296. Injini ya mkiani inapasuka na vipande vyake vinakata mifumo yote 3 ya haidroli. Usukani umekufa. Kapteni Al Haynes na wenzake waliendesha ndege kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki tu, karibu dakika 45, mpaka uwanja wa Sioux City, Iowa. Marubani wengine walipojaribu baadaye kwenye mashine za mazoezi walishindwa kuitua. Haynes na wenzake waliifikisha uwanjani, ikavunjika vipande na kuwaka moto, na bado watu 184 waliishi. Hiyo sehemu husimuliwa sana, na inastahili.

Sehemu isiyosimuliwa sana ni ya mkuu wa wahudumu, Jan Brown. Ndani kulikuwa na watoto 4 wa mapajani. Kabla ya kutua alitangaza kile alichofunzwa: wazazi wawalaze watoto sakafuni, wawazungushie mablanketi, wawashike chini kwa mikono. Hebu jiulize ilikuwaje kutamka hiyo kwa kipaza sauti. Mkoba wako una kabati lenye mlango, mhudumu amekuja kuhakikisha umefungwa. Mtoto anawekwa sakafuni.

Ndege ilipogonga, mama mmoja hakuweza kumshikilia mwanawe, mvulana ambaye hakuwa amefika miaka 2. Aliponyoka. Mama alitoka nje, akataka kurudi ndani kumtafuta, na akakutana na Jan Brown, ambaye ilibidi amzuie juu ya moshi. Mama akamwambia kwamba alifanya alichoambiwa, alimlaza chini, na sasa hayupo. Mvulana alikufa kwa moshi. Mtoto mwingine, wa kike, alisikika akilia ndani ya mabaki, abiria mmoja, Jerry Schemmel, akarudi kwenye moshi akamtoa. Alimkuta kwenye kabati la mizigo. Msichana aliishi.

Nilitoka chuo kabla sijamaliza mwaka wa pili, lakini hapa fizikia ya kidato cha tatu inatosha. Tangu 1988, sheria ya Marekani inataka viti vya ndege za muundo mpya vijaribiwe kwa mshtuko wa mara 16 ya uzito wa kawaida. Chukua mtoto wa kilo 8 kama huyu wetu. Mara 16 ni kilo 128. Gunia la mahindi ni kilo 90. Shosho yangu ana nguvu, amelea watoto 9, lakini hakuna mkono wa binadamu unaodaka gunia na nusu likirushwa. Hili halina uhusiano na upendo wa mzazi, na ndiyo maana linaniuma wakati watu wanasema "mimi nitamshika tu vizuri."

Jan Brown aliacha kunyamaza. Alienda Washington mara nyingi, akatoa ushahidi, akaomba kitu kimoja: kila mtoto awe na kiti chake chenye mkanda. Mwaka wa 1990, NTSB, shirika la Marekani linalochunguza ajali, lilipendekeza hivyo hivyo. Lakini wenye kutunga sheria ni FAA, na FAA walikataa, wakarudia kukataa mwaka wa 2005.

Sababu yao si ya kipumbavu. Walipiga hesabu wakasema: tukilazimisha kiti, familia zitaona tiketi ni ghali, zitaamua kuendesha gari. Barabara zinaua watu wengi kuliko ndege. Kwa hivyo utaokoa mtoto mmoja hewani na kupoteza wengine barabarani. Kusema ukweli, ukiwa unatoka Denver kwenda Chicago, hiyo hoja ina miguu. Na wao wenyewe FAA wanawashauri wazazi wanunue kiti. Wanachokataa ni kulazimisha.

Lakini mimi niko Nairobi, na ninasoma hiyo hoja mara ya tatu nikicheka peke yangu. Binamu yangu ataendesha gari gani kwenda New York? Apitie wapi, Atlantiki? Hesabu yote ya FAA imesimama juu ya barabara, na kwa safari ndefu ya kuvuka bahari barabara haipo. Mzazi wa Nairobi anachagua kati ya ndege na kutosafiri. Nimetafuta mtu aliyefanya hesabu hiyo kwa ajili ya safari za saa 15 na sijaipata. Sheria iliyopikwa kwa ajili ya Denver na Chicago ndiyo imeenea tunavyoishi nayo sote.

Halafu kuna huu mchezo wa mkanda. Ulaya, mtoto wa mapajani hupewa mkanda mdogo unaopitishwa kwenye mkanda wa mzazi. Marekani wameupiga marufuku, wakisema ajali ikitokea mzazi anajikunja na kumbana mtoto. Kwa hivyo ukiunganisha ndege London, mtoto mmoja, siku moja, anaweza kufungwa kwa tumbo la mama safari ya kwanza, na ya pili akafunguliwa kwa jina la usalama. Wote wawili hawawezi kuwa sawa, na wote wawili wanakubaliana kwamba kiti chake mwenyewe ndiyo bora.

Januari 5, 2024, kipande cha ukuta wa ndege ya Alaska Airlines kiling'oka hewani muda mfupi baada ya kutoka Portland. Viti viwili vilivyokuwa karibu na lile shimo, kwa bahati tu, havikuwa na watu. Shati la kijana mmoja aliyekaa karibu lilivutwa likaenda. Ndani kulikuwa na watoto wa mapajani. Hakuna aliyekufa, na mkuu wa NTSB akasimama tena kuwaambia wazazi kile Jan Brown alisema miaka 30 na kitu iliyopita. Sheria haikuguswa.

Kwa upande wetu, hesabu iko hivi. Kiti cha mtoto hakiuzwi kwa asilimia 10. Ni nauli ya mtoto, ambayo mara nyingi hupunguzwa kidogo tu kutoka ya mtu mzima. Pesa ndefu. Na kiti peke yake hakitoshi, unaenda na kiti cha gari cha mtoto, na viti vya Marekani vinavyokubalika hewani huwa na maandishi mekundu pembeni yakisema hivyo. Piga simu kwa shirika kabla hujabeba, uulize kama wanakikubali na upana gani unaingia. Binamu amekopeshwa kimoja na rafiki yake wa Ruaka ambaye anajua hakijawahi kuwa kwa ajali.

Nilituma hii story yote kwa grupu Jumapili. Shosho alijibu kwanza, akauliza kama mtoto anaweza kunyonyeshwa ndege ikishuka ili masikio yasimuume. Anaweza, na ni vizuri, lakini akiwa kwa kiti chake itabidi ni chupa. Akasema basi atachanga elfu tano. Mjomba mkubwa amesema hachangi mpaka aone hayo maandishi mekundu kwa macho yake. Picha imetumwa jana usiku. Tiki mbili za bluu, hajajibu.